Tunduma, Mji wa Kale Usio na Ngome

Wapenzi wa miji ya kale wana mazoea yao. Mtalii akifika San Juan ya Puerto Rico huelekezwa kwanza kwenye ngome ya El Morro, iliyoanza kujengwa mwaka 1539. Atapanda ngazi, atashika jiwe, atachungulia bahari kupitia tundu la mzinga. Havana humngojesha hadi saa tatu ya usiku apate kusikia mzinga wa ngome ya La Cabaña ukipigwa, kama ulivyopigwa zamani kutangaza kuwa milango ya mji inafungwa. Santo Domingo humwonyesha kanisa kuu lililo kongwe kuliko yote katika Amerika. Nasi wa Unguja hatuko mbali na mazoea hayo. Tuna Ngome Kongwe yetu, tuna milango yetu ya kuchonga, na tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe umo katika orodha ile ile ya Urithi wa Dunia ambamo Havana iliandikwa mwaka 1982 na San Juan mwaka 1983. Mgeni huja akashika jiwe, akarudi kwao.

Lakini hatima ya miji hiyo ya Karibea haikuamuliwa na mawe yake. Havana ilitekwa na Waingereza mwaka 1762, ngome na vyote vilivyokuwamo, na mwaka uliofuata ikarudishwa kwa Wahispania kwa maandishi ya Mkataba wa Paris. Bei yake ilikuwa Florida. Puerto Rico nayo ilitolewa na Hispania ikapewa Marekani kwa mkataba mwingine wa Paris, wa Desemba 1898, na El Morro ikabadilishiwa bendera. Kuta huonyeshwa wageni kwa sababu zinaonekana. Karatasi haionekani, na aghalabu ndiyo iliyotenda kazi.

Tunduma ni mji wa karatasi. Umo katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, hadi Tanzania inapokwisha na mji wa Nakonde wa Zambia unapoanza. Hakuna ngome. Hakuna mlango wa kuchonga wala baraza ya mawe. Mtu wa pwani akishuka basi hapo asubuhi, baridi ya nyanda za juu ikimpiga, ataona foleni ya malori iliyonyooka hadi macho yanapochoka, ataona wabadilisha fedha na mabunda yao ya kwacha, mawakala wa forodha, mabati, vumbi. Naye atasema hapa hapana la kutazamwa. Nia ya makala haya ni kumtembeza msomaji wa visiwani mahali hapo, kwa kuwa la kutazamwa lipo, na ni letu pia.

Tuanzie kwenye karatasi yenyewe. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano yenye vifungu kumi na viwili. Watu wa visiwani tumezoea kuyasoma mapatano hayo kuanzia mwisho. Kifungu cha kumi na mbili ndicho kilichowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Cha kumi na moja ndicho kilichotambua himaya ya Uingereza juu ya Unguja na Pemba, na kuahidi kuwa Waingereza watamshawishi Sultani aiachie Ujerumani kabisa sehemu ya mwambao aliyokuwa amekwisha kuikodisha kwa kampuni yao, pamoja na kisiwa cha Mafia. Kwa mwambao huo Sayyid Ali bin Said alilipwa fidia ya maki milioni nne. Ndipo tukapata ule usemi wetu wa kuwa Zanzibar ilibadilishwa kwa jabali la baharini. Usemi huo una ukweli wake, lakini umetufunga macho. Tumeusoma mwisho wa karatasi mpaka tumesahau kuwa ina mwanzo.

Mwanzo wake ni kifungu cha kwanza, nacho ni kirefu. Kinaelezea mstari. Mstari unaanzia pwani, mpakani mwa Msumbiji, unapanda na mto Ruvuma, unakata magharibi hadi Ziwa Nyasa, unalizunguka ziwa kwa ufuo wake wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi, hadi kwenye mdomo wa mto Songwe. Hapo unapanda na Songwe hadi digrii ya 33 mashariki, na kuendelea na mto huo hadi pale unapolikaribia zaidi bonde la Kongo. Kisha unaliandama bonde hilo kwa ukingo wake hadi digrii ya 32, na kutoka hapo unakwenda moja kwa moja hadi mto Kilambo, na kwa Kilambo unatumbukia Ziwa Tanganyika. Msomaji aliyezoea tenzi ataona kuwa maandishi hayo yana mwendo wake, mto kwa mto na ziwa kwa ziwa. Ila utenzi huwa na watu ndani yake. Hapa hamna hata mmoja. Hamna kijiji, hamna jumbe, hamna kaburi. Mnyamwanga, Mnyiha, Mndali na Mlambya hawakutajwa, wala haikuulizwa kama wapo.

Kati ya digrii ya 33 na ya 32, juu ya ule ukingo wa bonde la Kongo, ndipo ilipo Tunduma.

Ukingo huo ni jambo la kustaajabisha, nao ndio tamasha la kwanza ninalomwonyesha msomaji. Si mlima. Ni mgongo mpana wa ardhi ambao mtu aweza kuuvuka asijue. Mvua inyeshayo upande wa kusini wake hutiririka hadi mto Chambeshi, ikaingia katika vinamasi vya Bangweulu, ikashuka kwa Luapula, ikawa mto Kongo, na mwishowe ikamwagika katika Bahari ya Atlantiki. Inyeshayo upande wa kaskazini hushuka kwa mto Momba hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea, na huko ikakaa hadi jua liichukue. Na ukienda kidogo mashariki, maji hukamatwa na Songwe, yakaingia Nyasa, yakatoka kwa Shire na Zambezi hadi Bahari ya Hindi, bahari yetu. Mawingu yale yale, mji ule ule. Wenye kuchora ramani huko Ulaya walipenda mipaka ya namna hii. Waliiona kuwa ni ya maumbile, na kwa hiyo haina mwenyewe wa kulalamika.

Hata hivyo wino wa mezani ulikuwa bado haujaigusa ardhi. Ramani waliyoitumia Berlin ilichorwa mwaka 1889 kwa haraka, na hakuna aliyejua kwa yakini digrii ya 33 inapita wapi. Mwaka 1898, mwaka ule ule ambao Puerto Rico ilihamishwa kwa kalamu, tume ya pamoja ilikuja kuutafuta mstari. Waingereza waliongozwa na Kapteni Close, aliyekuja baadaye kuwa mkuu wa upimaji ramani wa Uingereza yote, na Wajerumani na Kapteni Herrmann. Walipima kwa nyota usiku na kwa darubini mchana, wakasimamisha alama, na mwaka 1901 serikali zao zikayathibitisha waliyoyapima. Wapagazi waliobeba sanduku za vyombo hivyo vya kupimia walikuwa watu wa nchi. Bila shaka baadhi yao waliubeba mpaka kichwani kabla haujawapita kati ya nyumba zao. Wanyamwanga walipoamka, nusu walikuwa wa Kaiser na nusu wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika ya Kusini, na kodi ya nyumba ikadaiwa kwa rupia huku na kwa shilingi kule.

Kwa nini Waingereza waliung'ang'ania mgongo huo? Kwa ajili ya barabara. James Stevenson, tajiri wa Glasgow, alikuwa ametoa fedha ijengwe njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kutoka Karonga kwenda magharibi. Kazi ilianza mwaka 1881, na haikupata kukamilika; kilichojengwa ni sehemu tu, na mingine ilibaki kuwa njia ya miguu. Hata hivyo kwa njia hiyo vilipita vipande vya meli ya wamisionari iliyoitwa Good News, mzigo kichwani baada ya mzigo, hadi ikashushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1885. London haikuwa tayari kuiacha barabara hiyo iangukie kwa Wajerumani. Kwa hiyo mstari ukachorwa kaskazini yake, na kituo cha Waingereza karibu na hapa kikaitwa Fife, kwa heshima ya mtawala mmoja wa Kiskoti aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa Kampuni.

Barabara ya Stevenson, kituo cha Fife: majina haya yanafundisha. Kimondo kikubwa cha chuma kilicho kilimani huko Mbozi, mwendo mfupi kutoka Vwawa, makao makuu ya mkoa, nacho kina hadithi ya aina hiyo. Vitabu husema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi kutoka Johannesburg. Ni bonge lenye urefu wa kiasi cha mita tatu, na wapimaji hawajakubaliana kama uzito wake ni tani 12 au 16. Tisa ya kumi yake ni chuma, na inayobaki nyingi ni nikeli. Wanyiha walikuwa wakiishi nacho siku zote hizo. Hawakuwa na masimulizi ya siku kilipoanguka, na wataalamu huchukulia hilo kuwa ushahidi kuwa kilianguka zamani mno. Kwa hiyo kilikuwapo, kilijulikana, na kilisubiri mtu mwenye kalamu kikagunduliwe. Msafiri asikose kwenda kukitazama, na akiguse. Ni baridi hata mchana.

Sasa turudi kwetu kidogo, maana haifai msomaji wa pwani adhani kuwa alikuwa mtazamaji tu wa mambo haya. Kabla ya Stevenson na Close, njia za pande hizi zilijua misafara ya Waswahili. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, karibu na Karonga, alitawala Mlozi bin Kazbadema, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Mwaka 1887 watu wake waliwaua Wangonde kwa wingi, na vita vikazuka kati yake na kampuni ya Waskoti wa maziwa. Lugard, aliyekuja baadaye kutawala Uganda na Nigeria, alijeruhiwa katika vita hivyo mwaka 1888 alipokuwa akiishambulia ngome ya Mlozi. Desemba 1895 Waingereza walimkamata Mlozi na kumnyonga. Tusimvishe joho la shujaa kwa kuwa aliuawa na mkoloni. Waliokuwa minyororoni katika boma lake walikuwa na maoni yao. Lakini tusimfute pia. Mizigo ya pembe iliyofika Forodhani mwetu ilipita mikononi mwa watu wa namna yake, na nyumba zetu tunazowaonyesha watalii zina sehemu yake ndani ya chokaa.

Alikuwapo na mtazamaji wa namna nyingine. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili wa Berlin, alichapisha huko Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, na ndani yake mna masimulizi ya Salim bin Abakari ya safari yake ya Nyasa, aliyofuatana nayo na Mjerumani aitwaye Bumiller. Hiki ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya safari vilivyosimuliwa na Waswahili wenyewe, ingawa kalamu ya mhariri ilikuwa ya mgeni, na safari yenyewe ya mgeni pia. Ningependa wasomaji wetu wakijue kuliko wanavyokijua. Tuna watu wanaoweza kusoma kwa moyo beti za Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya vita vya Wadachi vya mwambao, na ni vizuri. Ila vita hivyo ni vya ufuoni. Nathari ya akina Salim ndiyo iliyothubutu kupanda bara na kusema tulipita hapa, tuliona hiki.

Vita vikubwa vilipofika, mstari wa Tunduma ulikuwa uwanja. Mei 1916 Jenerali Northey wa Uingereza aliuvuka na vikosi vyake kutoka kusini, na kabla mwezi kwisha alikuwa ameshika Neu-Langenburg, Tukuyu ya leo. Miaka miwili na nusu baadaye ulivukwa tena, safari hii kwa upande wa pili. Mwanzoni mwa Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck, akiwa amekwisha kuzungukia Msumbiji na kurudi, aliishambulia Fife, akashindwa kuiteka, akaipita na kuzama ndani ya Rhodesia ya Kaskazini. Tarehe 9 alikuwa Kasama. Tarehe 13, karibu na mto Chambeshi, alipata habari kuwa Ujerumani imesalimu amri siku mbili kabla. Alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Kwa hiyo vita vilivyoanza Ulaya vilikwisha huku, wiki mbili baada ya kwisha kwao, kwa sababu ya masafa.

Wenye kuandika vita hivyo hupenda ujanja wa von Lettow. Mimi hunishughulisha zaidi watu walioitwa tenga-tenga. Hilo ndilo jina la wapagazi wa vikosi vya Nyasa na Rhodesia, watu waliobeba unga, risasi na vipande vya mizinga kwa kichwa katika nchi isiyo na reli. Hesabu za Waingereza wenyewe, kwa eneo lote la vita vya Afrika Mashariki, zinakaribia vifo laki moja vya wapagazi, wengi kwa maradhi na njaa, wachache kwa risasi. Dar es Salaam ilibakiwa na jina la kambi yao, tunaloliita Kariakoo, na mtu huenda huko kununua viatu bila ya kuulizana na jina hilo. Tunduma haikubakiwa na jina lolote. Ingekuwa San Juan, pangekuwa na bamba la shaba.

Jambo moja la Mwenzo lisipite. Mwenzo ni misheni ya Waskoti, ng'ambo ya mpaka, jirani kabisa na Nakonde. Huko mwaka 1923 walimu na makarani wa Kiafrika, akiwamo Donald Siwale, na David Kaunda akiwa pamoja nao katika shughuli hiyo, waliendesha chama cha ustawi wa wenyeji, kikahoji kodi na namna watu wanavyotawaliwa. Wanahistoria wa Zambia hukihesabu kuwa chanzo cha siasa za kizalendo katika nchi yao. Mwaka uliofuata David Kaunda alipata mtoto wa kiume huko Lubwa, akamwita Kenneth. Kwa hiyo mtu akitaka kuona mahali ambapo Zambia ilianza kusema, ashuke mpakani, asiende Lusaka.

Baada ya vita pande zote mbili zilikuwa za Mwingereza, na mstari ukalegea. Vijana wa Tanganyika waliuvuka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine wakafika hadi Afrika ya Kusini kwenye dhahabu, na miaka ikawaleta tena na mablanketi, magramafoni na lugha mpya. Si mengi ya kusimulia juu ya mpaka katika miaka hiyo, na pengine hiyo ndiyo sifa yake.

Kisha ukaja mwaka 1964, na hapa nataka msomaji wa visiwani asimame kidogo. Tarehe 26 Aprili mwaka huo Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Ukiutazama muungano huo kwa macho ya karatasi ya mwaka 1890, utaona kuwa kifungu cha kwanza na kifungu cha kumi na moja, vilivyotengana kwa miaka sabini na minne, vilikunjwa vikawekwa pamoja. Miezi mitatu haijapita, Julai, wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo, na kwa hoja iliyoletwa na Mwalimu Nyerere wakaazimia kuwa kila nchi itaiheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Oktoba Zambia ikapata uhuru wake. Mstari wa Close na Herrmann ukawa sasa umetiwa saini na sisi wenyewe. Mwalimu alikuwa na sababu nzito. Alijua vita vitakavyozuka kila mtu akidai bonde la babu yake, na yaliyotokea kwingineko yamemthibitishia. Hata hivyo katika mwaka mmoja tulifuta mpaka mmoja na kuugandisha mwingine, na sijaona mshairi wetu hata mmoja aliyeyaweka mambo hayo mawili katika shairi moja. Tumeandika mengi juu ya muungano, kwa kuusifu na kwa kuulalamikia. Juu ya Tunduma tumenyamaza.

Yaliyofuata yaliufanya mji huu kuwa mlango wa nchi nzima. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo mafuta na shaba yake vilipita kwa walowezi hao, ikabakiwa na njia ya kaskazini. Malori yalipeleka mafuta ya Zambia kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya udongo iliyoua watu wengi hata ikapewa jina la Jahanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kazi mwaka 1968. Ikafuata reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kwa mkopo wa China usio na riba. Mataruma yalifika Tunduma mwaka 1973 na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Upana wa njia yake ulifuatishwa na wa reli za kusini, milimita 1,067, si ule wa reli ya kati ya Tanganyika. Kwa hiyo behewa la TAZARA liliweza kuuvuka mpaka wa Tunduma na kwenda hadi Rasi, lakini halikuweza kwenda Tabora. Kipimo hicho kimoja kimebeba historia kuliko mnara.

Na forodha je? Kile kifungu cha nane cha mapatano ya Berlin kilisema kuwa bidhaa za pande zote mbili zipitazo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika zipite huru, bila ya ushuru wowote. Mkoloni, kwa maslahi yake mwenyewe, aliiandikia njia hii uhuru ambao dereva wa leo huuota. Oktoba 2019 marais Magufuli na Lungu walizindua hapa kituo cha pamoja cha forodha, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili, na kazi imepungua. Lakini anayetaka kuona foleni bado ataiona, shaba ikiteremka kutoka Katanga na Zambia, mafuta na mbolea vikipanda, na utingo wakipika wali kwa jiko la mkaa chini ya tela. Wenyeji hawangojei foleni. Mama mwenye kapu la mboga hupita uchochoroni kati ya nyumba mbili, na mauzo yake yakawa ya kwacha. Harusi huvuka, misiba huvuka. Kinyamwanga kinasemwa huku na kule, na Kiswahili chetu, ambacho hakikupata mkataba wowote, kimevuka nao na kufika masokoni Nakonde.

Wapenzi wa ushairi hawana haki ya kusema kuwa mambo ya forodha na upimaji ni makavu mno kwao. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kutoka mwaka 1926 hadi 1944, na miaka yake ya mwisho serikalini, kutoka 1952 hadi 1960, aliifanya katika ofisi ya upimaji ardhi. Kazi mbili zinazoufanya mpaka uwe mpaka, kutoza na kupima, mshairi wetu mkubwa alizifanya kwa mkono wake, mwambaoni. Hatujajiuliza vya kutosha kazi hizo zilimfundisha nini.

Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka ubavu Desemba 2020, na sote tuliona uchungu. Ilikuwa na miaka saba zaidi ya karatasi ya Berlin. Jiwe limeanguka, karatasi ingali inafanya kazi kila asubuhi ofisi za Tunduma zinapofunguliwa.

Mwenye nafasi ya siku moja zaidi ashuke mashariki, wilaya ya Ileje, kupitia mashamba ya kahawa ya Mbozi, hadi Isongole na kwenye mto wenyewe. Aulize vizuri njia, maana mito yenye jina la Songwe ni miwili: mmoja humwaga maji yake Rukwa na ndio unaoutenga mkoa huu na Mbeya, na mwingine ndio ule wa kifungu cha kwanza, unaokwenda Nyasa na kuitenga Tanzania na Malawi. Huu wa pili hautulii. Ukifika bondeni chini, karibu na ziwa, hujipinda, na mwaka wa mafuriko makubwa huacha mkondo wake wa zamani na kuchimba mpya, ukamwachia mkulima shamba lake ng'ambo, katika nchi ambayo hakulala humo. Serikali za Malawi na Tanzania zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde hilo, na miongoni mwa kazi zake ni kuutuliza mto ukae pale ulipoandikwa.